Tunayajua magari ya Japani, je, tunawajua watoto wake?

Ukikaa nusu saa kando ya barabara kuu hapa Mpemba, kilomita chache kabla ya kuingia Tunduma mjini, utaiona dunia ikipita. Malori yenye shaba ya Zambia na Kongo yanashuka kwenda bandari ya Dar es Salaam. Malori ya mafuta na mbolea yanapanda kwenda mpakani, na foleni ikiwa mbaya husimama hadi huku kwetu, madereva wakipika chai chini ya matela. Katikati yao yanapita yale tunayoyaita magari ya IT: Noah, Vitz, Fuso na Land Cruiser zilizotumika, zimeshushwa kwenye meli Dar es Salaam na sasa zinapelekwa Nakonde, Lusaka na Lubumbashi. Mengine bado yana maandishi ya Kijapani ubavuni.

Siku moja nilikuwa namhudumia mama kijana aliyemleta mtoto wa miezi saba. Mtoto alikuwa ameharisha kwa siku mbili, macho yameingia ndani, ukimfinya ngozi ya tumbo hairudi upesi. Tulianza kumpa maji ya chumvichumvi ya ORS kwa kijiko, kidogo kidogo, mama akiwa amekaa kwenye benchi linalotazama barabara. Likapita basi dogo lililochorwa maua na sungura, bila shaka lilikuwa la shule ya chekechea huko lilikotoka.

"Dokta," akaniuliza, "huko yanakotoka haya magari, watoto nao wanakufa kwa kuharisha kama huku?"

Nilimjibu harakaharaka kwamba hapana, huko ni nadra sana. Akatikisa kichwa, akasema, "Wenzetu Mungu amewapendelea." Mtoto alianza kukojoa baada ya saa chache, jioni akanyonya vizuri, wakaenda nyumbani. Lakini jibu langu lilinisumbua usiku ule. Nilimwambia ukweli wa leo tu, nikamwachia aamini kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu zamani.

Ndugu msomaji, leo nataka nikamilishe jibu lile. Naandika kwa ajili yake, na kwa ajili yako wewe mzazi ambaye kila ukiona picha za nchi zilizoendelea unakata tamaa na kusema sisi hatuwezi.

Tulinganishe, lakini kwa haki

Tuanze na hali ya sasa, maana haifichiki. Japani ya leo, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, wanaofariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja ni wawili hivi. Kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 uliwapata 33. Mwanamke wa Japani anaweza kutarajia kuishi miaka 87, mwanamume 81. Kwetu, wastani wa wote ni miaka kama 66.

Ukisimama hapo, utasema kama yule mama. Lakini kulinganisha namna hiyo ni sawa na kumpima mtoto wa darasa la pili kwa mtihani wa kidato cha sita. Si haki, na hakumfundishi mtoto kitu.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1947, miaka miwili baada ya vita, Japani ilikuwa nchi ya majivu. Miji ilikuwa imeungua, chakula kilikuwa cha mgawo, kifua kikuu ndicho kilikuwa muuaji namba moja. Mwaka huo, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, karibu 77 walikufa kabla ya mwaka mmoja. Mwanamume wa Japani alitarajiwa kuishi miaka 50 tu, mwanamke 54. Yaani Mtanzania wa leo anaishi miaka mingi kuliko Mjapani wa 1947, na mtoto anayezaliwa leo Tunduma au Vwawa ana nafasi kubwa zaidi ya kupona mwaka wake wa kwanza kuliko mtoto aliyezaliwa Tokyo mwaka ule.

Na tusidhani walikuwa wasafi kwa kuzaliwa. Wakulima wa Japani wakati ule walitumia kinyesi cha binadamu kama mbolea ya mboga. Matokeo yake, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na minyoo. Mwaka 1950, zaidi ya wanawake tisa kati ya kumi walijifungulia nyumbani. Kwetu, mwaka 2022, wanawake wanane kati ya kumi walijifungulia kwenye kituo cha afya. Hapo sisi tuko mbele yao walivyokuwa.

Mwaka 1960 vifo vya watoto wachanga Japani vilikuwa vimeshuka hadi 31 kwa kila 1,000. Soma tena namba hiyo, kisha kumbuka yetu: 33. Kwa kipimo hiki kimoja, Tanzania ya sasa imesimama karibu pale Japani iliposimama mwaka 1960. Miaka 15 baadaye, mwaka 1975, wao walikuwa wamefika 10.

Kwa hiyo swali la maana kwetu ni hili: walifanya nini mwaka ule 1960, wakiwa pale tulipo sisi?

Kijiji kilichokuwa na maadui watatu

Nitakupeleka kwenye kijiji kimoja. Kinaitwa Sawauchi, kipo milimani katika mkoa wa Iwate, kaskazini mwa Japani. Kilikuwa na watu kama 6,000. Wakati wa baridi theluji ilianguka ikapita kimo cha mtu, barabara zikafungwa kwa miezi, na mgonjwa hakuwa na njia ya kufika hospitali. Wazee wa pale walisema kijiji chao kina maadui watatu: theluji, maradhi na umaskini.

Sisi wa umri wangu tuliosoma shule za msingi za Tanzania tunaijua hesabu hiyo. Mwalimu Nyerere naye alitutajia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Wawili ni walewale.

Katikati ya miaka ya 1950, Sawauchi ilikuwa ikipoteza takribani watoto 70 kwa kila 1,000 waliozaliwa, wengi kuliko wastani wa nchi yao. Mwaka 1957 kijiji kikapata kiongozi mpya, Fukasawa Masao. Hakuwa daktari. Alianza kwa kusikiliza watu, kisha akaenda hatua kwa hatua.

Kwanza, barabara. Kijiji kilipata buldoza la kusukuma theluji ili njia isifungwe wakati wa baridi. Unaweza kujiuliza buldoza na afya vinahusiana vipi. Muulize mama wa huko Momba aliyewahi kushikwa na uchungu usiku wa masika, barabara imekatika, atakuambia.

Pili, wauguzi wa afya ya jamii. Hawa hawakukaa kituoni kusubiri wagonjwa. Walitembea nyumba kwa nyumba, kwa miguu, kwenye theluji, wakipima watoto, wakiwafundisha wajawazito, wakizungumza na mama wakwe. Nasema mama wakwe kwa sababu katika vijiji vya Japani ya wakati ule mke kijana hakuwa na sauti. Mama mkwe ndiye aliyeamua nani apumzike, nani ale nini na nani aende kwa daktari. Ukitaka kumwokoa mtoto, ilibidi umshawishi bibi yake kwanza.

Tatu, pesa ya matibabu isiwe ukuta. Mwaka 1960 kijiji kiliamua wazee wa miaka 65 na zaidi watibiwe bila malipo. Mwaka 1961 kikaongeza wazee kuanzia miaka 60 na watoto wote chini ya mwaka mmoja. Viongozi wa ngazi ya juu waliwaonya kwamba sheria ya bima hairuhusu, kwa sababu mgonjwa alipaswa kuchangia. Fukasawa akajibu kwamba katiba ya nchi, ibara ya 25, inampa kila mtu haki ya kuishi maisha yenye afya, na katiba iko juu.

Mwaka 1962 hakuna mtoto hata mmoja wa chini ya mwaka mmoja aliyekufa Sawauchi. Sifuri. Hakuna halmashauri nyingine ya Japani iliyokuwa imefikia hapo kabla yao, hata zile tajiri.

Kama daktari, lazima nikuwekee tahadhari. Kijiji cha watu 6,000 hakizalishi watoto wengi kwa mwaka, kwa hiyo mwaka mmoja wa sifuri una bahati ndani yake. Lakini kushuka kutoka 70 si bahati. Ni kazi ya miaka mitano.

Vitu vya bei nafuu vilivyotangulia utajiri

Sawauchi haikuwa peke yake. Nchi nzima ilikuwa ikifanya mambo ambayo, ukiyatazama vizuri, hayakuhitaji mashine kubwa.

Tangu mwaka 1942 mjamzito wa Japani alipewa kijitabu cha kuandika maendeleo ya mimba yake, na aliyejiandikisha alipata mgawo wa nyongeza wa chakula. Mwaka 1948 kijitabu hicho kikaunganishwa kiwe cha mama na mtoto: mimba, uzazi, uzito, chanjo, vyote mahali pamoja, na mama ndiye anayekitunza. Bado kinatumika hadi leo.

Mwaka 1954 walipitisha sheria ya chakula cha mchana shuleni. Mwaka 1955 serikali ilitangaza kampeni ya maisha bila mbu na nzi. Wanawake wa vijijini wakajipanga kusafisha mifereji, kufunika vyoo na kuteketeza mazalia. Mwaka 1961 wakakamilisha bima ya afya kwa kila mwananchi. Huo ni mwaka uleule Tanganyika ilipopandisha bendera ya uhuru. Japani ilikuwa bado haijawa tajiri tunayemjua. Magari yake yalikuwa hayajafika Mpemba.

Sasa sikiliza, mzazi mwenzangu. Ni kipi kati ya hivyo ambacho hatukijui?

Kijitabu? Tunayo kadi ya kliniki. Kampeni ya usafi? Mwaka 1973 Tanzania iliendesha "Mtu ni Afya", watu kama milioni mbili wakakaa kwenye vikundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo kwa mikono yao. Wengi wa wasomaji wangu wazee wanakumbuka. Wahudumu wa kutembelea nyumba? Mwanzoni mwa mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kuwapata zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Bima? Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Hata mbinu ya Kijapani ya kupanga kazi hospitalini, ile ya 5S na Kaizen, iliingia nchini kupitia nyanda zetu hizi: Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ndiyo ilianza kuitumia mwaka 2007.

Na tumeona matunda. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 kwa kila 1,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 43 mwaka 2022. Vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Mimi nilianza kazi wakati namba zikiwa mbaya. Nimeziona wodi zikibadilika.

Lakini kuna namba moja imekataa kushuka. Vifo vya watoto ndani ya siku 28 za kwanza vilikuwa 25 kwa kila 1,000, sasa ni 24. Karibu vilevile. Yaani tumefanikiwa kumleta mama kituoni kujifungua, kisha tunampa ruhusa arudi nyumbani, na mtoto anafia kwenye wiki ambazo hakuna mtu anayemtembelea. Hapo ndipo Sawauchi ilipotushinda. Wao walimfuata mtoto nyumbani.

"Lakini wale ni Wajapani"

Najua pingamizi mbili zitakazokuja. Nitazijibu kwa haki.

La kwanza: Wajapani wana nidhamu, sisi hatuna. Silikubali. Watu waliokuwa na minyoo tumboni kwa zaidi ya nusu hawakuwa malaika wa usafi. Walijifunza. Mama wa Mpemba anayeamka saa kumi usiku kupanga foleni ya madumu ya maji, kisha akapeleka watoto shule, kisha akaenda kuuza ndizi kwa madereva mpaka jioni, usimwambie hana nidhamu. Mpe bomba karibu uone.

La pili lina uzito zaidi: Japani ya 1960 ilikuwa na vitu ambavyo sisi hatuna. Ni kweli. Karibu akina mama wote walijua kusoma. Umeme ulikuwa umefika vijijini. Uchumi ulikuwa ukikua kwa kasi kubwa mno, na hiyo ilileta maji ya bomba, nyama na mayai mezani. Hawakuwa na malaria kama yetu wala virusi vya Ukimwi. Daktari akikuambia kwamba kadi na muuguzi peke yake vilishusha vifo, anakudanganya. Shule ya msichana na maji safi ni dawa pia, tena dawa kubwa.

Ninachosema ni kwamba hawakusubiri utajiri ndipo waanze. Walianza na walichokuwa nacho. Sisi tuna tabia ya kusema, "Tukiendelea, watoto wataacha kufa." Wao waligeuza: watoto wakiacha kufa, tutaendelea.

Chukua mfano wa lishe. Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ndiyo inayolisha nchi. Mahindi, maharage, viazi, ndizi, parachichi, kahawa ya Mbozi, vyote vinatoka huku. Lakini utafiti wa 2022 ulionyesha watoto waliodumaa Iringa ni asilimia 57, Njombe na Rukwa wakiwa nusu, wakati wastani wa taifa ni 30. Si njaa ya ghala. Ghala limejaa. Mtoto anapewa uji wa mahindi mtupu, mama anarudi shambani wiki chache baada ya kujifungua, maharage na mayai yanauzwa sokoni Tunduma yavuke mpaka. Hapo tatizo si kukosa utajiri wa Japani.

Kulinganisha kuna pande mbili

Tusiifanye Japani kuwa peponi. Zaidi ya robo ya watu wake leo wana miaka 65 na kuendelea. Kila mwaka wanaokufa ni wengi kuliko wanaozaliwa, na shule nyingi za vijijini zimefungwa kwa kukosa wanafunzi. Basi lile lililopita Mpemba likiwa na sungura ubavuni, naweza kukisia tu kwa nini liliuzwa.

Pia walilipa gharama ya chakula chao cha chumvi nyingi. Kuanzia 1951 hadi 1980 kiharusi ndicho kilichoongoza kuua watu Japani, hasa mikoa ya kaskazini yenye mboga za kuhifadhiwa kwa chumvi. Walikishusha kwa kupima presha vijijini na kupunguza chumvi. Wewe baba wa miaka 45 unayesoma hapa, ni lini mara ya mwisho ulipimwa presha? Sisi tunaanza kuugua magonjwa ya matajiri kabla hatujamaliza ya maskini.

Utakachofanya wiki hii

Siwezi kukuacha na historia peke yake. Ukifunga gazeti hili, fanya haya.

Itoe kadi ya kliniki ya mtoto wako ilipo. Angalia chanjo: ya kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha surua rubela ya miezi 9 na ile ya miezi 18. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi wanaisahau, wakidhani kliniki imekwisha mtoto akianza kutembea. Palipo wazi, mpeleke. Hujachelewa.

Mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja ukiona hanyonyi, anapumua harakaharaka au mbavu zinaingia ndani akipumua, amekuwa wa moto sana au wa baridi, amelegea, amepata degedege, amekuwa njano hadi viganjani na nyayoni, au kitovu kimekuwa chekundu na kutoa usaha, usisubiri asubuhi. Usisubiri baba arudi safari. Huyo ni wa kituoni sasa hivi. Kwa dharura ya mjamzito, mzazi au mtoto mchanga, huku Tanzania Bara ipo huduma ya usafiri ya m-mama. Unapiga 115 bila malipo.

Mtoto akiharisha, mpe ORS na vidonge vya zinki, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Pakiti moja ya ORS ya kawaida ni ya lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Zinki ni ya siku kumi hata kama kuharisha kumekoma. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, anatapika kila kitu au amelala kupita kawaida, mlete.

Mtoto aliyetimiza miezi sita, uji wake uwe mzito, utie karanga au maziwa. Yai moja libaki nyumbani kabla trei haijaenda sokoni.

Nanyi akina bibi, shikamooni. Naomba msaada wenu kuliko wa mtu yeyote. Mkweo akisema mtoto hanyonyi, msimwambie ni jino. Neno lenu ndilo linalomfungulia mlango wa kutoka.

Na tutakachodai pamoja

Kuna mambo mzazi hawezi kuyafanya peke yake, na hapa ndipo maoni yangu yalipo. Kila ninapokwenda kwenye mkutano wa maendeleo nasikia wananchi wakidai jengo. Jengo ni jema. Lakini jengo halitembei. Naomba mkutano wa mtaa au kijiji unaofuata muulize maswali matatu.

Mhudumu wetu wa afya ngazi ya jamii ni nani, analipwa, na ni nyumba ngapi za watoto wachanga alizozitembelea mwezi huu? Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema wajawazito na watoto chini ya miaka mitano wahudumiwe bila malipo katika vituo vya umma. Ni kitu gani bado wananunua wenyewe, na kwa nini? Bima ya afya kwa wote itawafikiaje wale wa nyumba za mwisho kabisa, wasioweza kuchangia hata shilingi?

Fukasawa alikufa mwaka 1965, hakuiona Japani tajiri. Hakuuliza kijiji kina pesa kiasi gani ndipo aamue mtoto ana thamani kiasi gani. Aliuliza kwanza mtoto anakufa kwa nini.

Kwa mama yangu tulizaliwa wanane, tuliokua ni sita. Wale wawili hawana picha. Mama alizoea kusema, "Mungu alitaka." Sikuwahi kumbishia, na sitambishia leo. Lakini mmoja alikufa kwa kuharisha, nami nikiwa daktari najua kilichohitajika kilikuwa maji, chumvi, sukari kidogo na mtu wa kumwambia mama usiku ule jinsi ya kuvichanganya.

Kwa hiyo yule mama wa benchi akirudi, nitamjibu hivi: huko yanakotoka magari, watoto walikuwa wakifa kama huku, na bibi zao bado wanakumbuka. Wakakataa. Nasi tunaweza kukataa, kwa sababu yale waliyoanza nayo tunayo mkononi, hata kama ni kadi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Nenda kaifungue uisome.